Siku moja maishani mwangu: sonara wa Ngamiani, siku sita kabla ya kupasuliwa mkono

Saa kumi alfajiri. Adhana bado, mkono ndo umeniamsha. Gumba, shahada, cha kati na nusu ya cha pete vinawaka moto, kidole kidogo kizima kabisa. Daktari alishanieleza, mshipa wa fahamu wa vidole hivyo umebanwa kwenye kinjia chembamba cha kifundo cha mkono. Miaka 19 nakamata koleo na tupa. Nakung'uta mkono mpaka ganzi ipungue, nalala tena kidogo.

Saa mbili nipo kibandani. Mtoto wa kaka yangu keshafagia na kumwaga vumbi kwenye kopo, maana vumbi la sonara lina fedha ndani, halitupwi. Chai na mihogo. Mpaka saa tano nimemaliza kipini cha pua na kutanua bangili mbili.

Ndo akaingia mama mmoja na cheni ya fedha ya marehemu mama yake, imekatika sehemu sita, anataka asubiri hapo hapo. "Dada fundi, si unachoma tu? Dakika kumi hiyo." Mama, kila kijipete nakifunga kwa koleo mbili, mikono yote miwili, mdomo wake ukutane sawasawa, nipake borakisi, ile dawa inayosaidia lehemu ishike, niweke kipande cha lehemu kidogo kuliko punje ya mchele, halafu moto uishie hapo hapo maana ukizidi vijipete vya jirani vinashikana na cheni inakuwa ngumu kama msumari. Cha tatu kikanidondoka. Vidole vilikuwa vimekishika lakini sikuvisikia, siku hizi lazima nitazame kwa macho ndo nijue kama nimeshika kitu au sijashika, tukapiga magoti wote wawili na kijana kukitafuta, na mama juu yetu anauliza mbona napumzikapumzika, yeye ana safari ya Muheza. Saa saba kasoro ndo nikamaliza. Nikamtajia 12,000, akaweka 5,000 mezani, eti kazi ya kukaa kwenye kiti hiyo. Hiyo kauli imeniuma kuliko mkono. Nilimwonyesha zile sehemu sita, akazitafuta kwa kidole asizione, akaongeza 5,000 akaondoka.

Baada ya hapo saa sikuangalia tena. Kuna pete za harusi ya Ijumaa, ya bibi harusi dhahabu karati 18, ya bwana fedha kwa sababu dhahabu havai. Kuvuta waya kwenye bamba la matundu siwezi tena, nikamwachia kijana, akavuta akavuta ukakatika. Nikamwambia ukiuvuta unakuwa mgumu, upashe moto ulainike kwanza, ndo uende tundu dogo zaidi. Baba alinifundisha hivyo hivyo. Mara ya pili ukatoka laini, mwembamba, sawa mwanzo mpaka mwisho, nikafurahi mpaka machozi yakanilenga.

"Shangazi pumzika, nyingine nitamalizia."

Jumanne watakata ule ukanda unaoubana mshipa, watanichoma sindano ya ganzi mkononi tu, jioni narudi nyumbani, ila kukamata kitu kwa nguvu nisubiri wiki kadhaa. Kijana atashika kibanda.

Pete ya bibi harusi nimeisugua mwenyewe kwa mkono wa kushoto, polepole, mpaka Magharibi ikaadhiniwa. Nimezifunga zote mbili kwenye pamba, wenyewe wanazifuata kesho asubuhi.