Herufi moja tu, neno zima linageuka

Wapenzi wa lugha, kuna mchezo nimenogewa nao sitaki kuula peke yangu. Gazeti la The Washington Post la Marekani lilikuwa na shindano la vichekesho, The Style Invitational, lililodumu tangu 1993 hadi 2022. Moja ya kazi walizowapa wasomaji: chukua neno la Kiingereza, ongeza, toa au badili herufi moja tu, kisha ulipe maana mpya.

Chukua graffiti, ile michoro ya kupuliza rangi ukutani. Chomeka “i” baada ya “g”, twiga (giraffe) huyo hapo ndani: giraffiti, michoro iliyopulizwa juu mno ukutani! Hiyo nilicheka mpaka abiria mwenzangu kwenye daladala akaniuliza, “Kulikoni dada?”

Ila ninayoipenda kuliko zote ni intaxication. Intoxication ni ulevi. “O” ikiwa “a”, kodi (tax) imeshaingia katikati. Maana yake: ile furaha ya kurudishiwa kodi, inayokuishia ukikumbuka kwamba hela ilikuwa yako tangu mwanzo. Aliyebuni hii ana akili sana, na anaujua uchungu wa mlipa kodi.

Maneno haya yamezunguka miaka kwenye barua pepe yakisemwa ni ya Mensa, kile chama cha watu wenye akili nyingi. Sifa ziende kwa wasomaji wa gazeti lile.

Na Kiswahili chetu kinakubali kabisa. Naanza: bajuti, bajeti ya mwezi inayoishia kwenye majuto. Haya, leteni za kwenu!