Nilivyopiga harusi nzima kwa nyuzi tatu, na miaka yangu 63

Nilipostaafu ualimu nikiwa na miaka 60, kiinua mgongo hakijaingia hata benki, kila mtu alishanipangia: fuga kuku, fuga nguruwe, nunua bajaji. Mimi nikapanda gari hadi Arusha nikanunua gitaa la besi. La mitumba, laki tatu na ushee, begi lake lina zipu iliyokufa zamani. Mke wangu alilizunguka mara mbili pale sebuleni, kisha akauliza, "Mwalimu, hili nalo linataga?"

Halijataga, lakini linakula lenyewe. Napiga harusi, sendofu na vipaimara, Moshi mjini na huko juu vijijini, karibu kila Jumamosi ukiondoa Kwaresma. Nalipwa elfu hamsini, siku nyingine sabini, siku nyingine kipande cha ndafu na shukrani nyingi kutoka kwa mshehereshaji.

Ushauri wa kwanza mbovu nilipewa na vijana wa bendi, ambao huniita Meku, yaani mzee. "Meku, hamia kinanda. Mkono wa kushoto unapiga besi, wa kulia unapiga mengine, na unakaa." Besi ya kinanda nimeisikia sana. Ni mbege, ile pombe yetu ya ndizi, isiyo na ulezi: tumbo linajaa, kichwa hakina habari. Ushauri wa pili nilipewa na mpiga besi mwenzangu wa Arusha, kwamba nipake dawa ya kuchua viganjani kabla ya kupanda jukwaani ili vidole visikakamae. Nikapaka. Vidole viliteleza kwenye nyuzi kama kambale, na wimbo wa tatu nikajifuta jasho la jicho. Waalikwa walidhani mzee amekumbuka harusi yake.

Kukakamaa ni kweli, sikatai, hasa Juni na Julai baridi ya mlima inaposhuka. Ila tatizo langu kubwa lilikuwa kutanua mkono. Besi yangu ni ile ambayo uzi unaotetemeka una urefu wa inchi 34, na nafasi ya freti ya kwanza peke yake, yaani ya vile vyuma vilivyokatiza shingo ya gitaa, ni karibu sentimita 4.8, nimepima kwa rula, nimefundisha fizikia miaka mingi. Kijana anaweka kidole kimoja kila freti. Mimi huku chini, karibu na kichwa cha gitaa, natumia cha kwanza, cha kati na cha mwisho, kile cha pete kikimsaidia mdogo wake. Ni mtindo wa wapiga besi kubwa la kusimama, Franz Simandl aliuandika kwenye mafunzo yake tangu karne ya 19. Hakuna aliyewahi kuniambia. Wote walikuwa wananiambia kinanda.

Sasa nyuzi. Zangu zilikuwa zimekufa, ukizigonga zinatoa sauti ya mlango wa kabati. Seti mpya ni laki na kitu, na duka nililoulizia Moshi walisema mpaka waagize Dar. Nikakumbuka kwamba nyuzi za besi huchemshwa. Kifizikia inaeleweka: mafuta ya mikono na uchafu vinajificha katikati ya ule waya uliosokotwa, maji ya moto yanavitoa, mlio wa uzi unang'aa tena kwa siku chache. Basi Ijumaa usiku, harusi ni kesho yake Marangu, nikachukua sufuria ya makande mke wangu akiwa kwenye maombi ya jumuiya, nikazungusha nyuzi zote nne ndani kama tambi. Maji yalitoka rangi ya chai ya rangi. Nilijisikia profesa.

Nikazikausha, nikaanza kuzirudisha. Ya E, ile nene kabisa, ikapanda, ya A, ya D. Ya G, nyembamba kuliko zote, ilipobaki nusu mzunguko ikakatika, paa! Ilikatikia palepale ilipokuwa imekunjwa zamani kwenye ufunguo wa kukazia. Hakuna aliyenionya kwamba uzi uliowahi kukunjwa haupendi kukunjwa tena. Saa tatu usiku, hakuna duka, na mke wangu huyo mlangoni ananusa sufuria yake.

Asubuhi nikagundua jambo la pili: zile tatu zilizobaki zilikuwa zinang'aa mno, zinalia kama vijiko, na sisi tunapiga zilipendwa, besi inatakiwa itoe mvumo mfupi, dum, inyamaze. Nikakata sponji ya kuoshea vyombo, nikaichomeka chini ya nyuzi karibu na daraja, pale zinapoishia kwenye mwili wa gitaa. Mlio ukatulia kabisa. Yaani nilichemsha nyuzi saa nzima zing'ae, kisha nikaziziba zising'ae. Sponji hiyo iko kwenye gitaa mpaka leo, nyingine nilinunua ya jikoni, mia tano.

Marangu nikapiga kwa nyuzi tatu. G yenyewe ipo freti ya tano kwenye uzi wa D, kwa hiyo nilichopoteza ni noti chache za juu ambazo mpiga besi huzitembelea akitaka kupigwa picha. Ilibidi nihamie juu shingoni, upande wa mwili wa gitaa, na huko freti ni nyembamba, kama sentimita 3.8 tu, na kiwiko kinakuja karibu na mwili. Sebene likaenda dakika ishirini, vijana wakaanza kubadilishana macho. Mkono haukuuma! Siku hizi nina nyuzi nne na bado nakaa huko huko.

Spika sibebi, mvi zina faida yake. Masikioni naweka vile vizibo vya viwandani, siyo pamba, na nasimama mbali na matasa ya ngoma. Na nyimbo mnazotumiwa kwa simu sikilizeni kwa hedifoni: uzi wa E unatetemeka mara 41 kwa sekunde, kispika cha simu hakiutoi, niliwahi kujifunza wimbo mzima bila besi yake.

Wakati wa chakula pale Marangu, babu wa bibi harusi alinijia na kata ya mbege. Anasema alicheza dansi Arusha mwaka 1970, enzi Wilson na George Kinyonga walipounda bendi ya Arusha Jazz kabla hawajavuka kwenda Kenya. Akaliangalia gitaa muda mrefu.

"Mwalimu, uzi wako mmoja uko wapi?"

Nikamwambia uko kwenye sufuria ya makande. Alicheka mpaka mbege ikamwagika, akidhani namtania.