Nafuu ya Paulo Kaisaria na Wafungwa wa Siku Zetu

Wapendwa katika Bwana, amani iwe kwenu.

Neno la juma hili linatoka Matendo ya Mitume 24, aya ya 22 hadi ya 27. Paulo yuko Kaisaria chini ya ulinzi, kesi yake imeahirishwa, na liwali Feliki anamwagiza akida amlinde, lakini amwachie nafasi kiasi na asimzuie rafiki yake yeyote kumhudumia. Aya hii husomwa haraka kwa sababu haina muujiza: hakuna tetemeko la ardhi kama lile la Filipi, wala malaika wa kufungua mlango kama alivyomfungulia Petro. Kuna agizo tu la mtawala, kwamba mtu aliye mahabusu aruhusiwe kuletewa na watu wake chakula, nguo na habari za nyumbani. Lakini agizo hilo linagusa swali ambalo waumini wengi hulijibu kwa hasira kabla ya kulipima, nalo ni hili: je, mtu aliyefungwa apewe nafuu yoyote na fursa ya kujifunza na kubadilika, au aachwe avune alichokipanda?

Torati ilikwisha kuweka mpaka katika jambo hili. Katika Kumbukumbu la Torati 25:1-3, mwamuzi anaamuru mwenye hatia apigwe mbele yake, kwa hesabu inayolingana na kosa lake, na mapigo yasizidi arobaini, ili ndugu yako asidharauliwe machoni pako. Mtu yule yule anayetajwa kuwa mwovu kabla ya adhabu anaitwa ndugu pale adhabu inapowekewa kipimo. Hatuchapi watu viboko kwa jina la andiko hili leo, lakini kanuni yake ingali inatuhukumu. Hakimu anapotamka miaka saba, amekwisha kupima adhabu, na adhabu yenyewe ni kunyang'anywa uhuru kwa miaka hiyo saba. Njaa, maji machafu, ugonjwa usiotibiwa, matusi na kulala kwa kubanana hadi mtu asiweze kugeuka havimo katika hukumu. Anayeviongeza, au anayefurahi vikiongezwa, ameketi katika kiti cha hakimu bila kuapishwa.

Kwa hiyo ni lazima tutenganishe mambo mawili ambayo mazungumzo yetu huyachanganya. Kuna haki ambazo hakuna kosa linaloziondoa: chakula, maji, matibabu, ibada, na habari za ndugu zake. Kuna pia nafuu, ambazo zinaweza kutolewa kwa mwenye mwenendo mwema na kuondolewa kwa anayezivunjia heshima. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa, zilizopitishwa upya na Baraza Kuu tarehe 17 Desemba 2015 na kupewa jina la Nelson Mandela, zina vifungu 122, na kifungu cha 95 kinataka kila gereza liwe na utaratibu wa nafuu unaolingana na makundi ya wafungwa, ili kuwahimiza wawe na mwenendo mzuri, wajenge moyo wa kuwajibika na washiriki katika kurekebishwa kwao wenyewe. Nchini Tanzania sheria inatambua jambo hilo hilo. Mfungwa mwenye tabia njema hupata punguzo la theluthi moja ya kifungo chake, na tangu mwaka 1994 tunayo Sheria ya Bodi za Parole, inayowawezesha baadhi ya wafungwa wa vifungo virefu kumalizia adhabu nje ya gereza kwa masharti. Sioni ulegevu hapo. Mtu asiye na chochote cha kupata wala cha kupoteza hana sababu ya kujizuia, na wa kwanza kuumizwa naye ni askari magereza anayemlinda usiku.

Hatari ni kukiita nafuu kile ambacho ni haki, kisha kukinyima. Mandela alipofikishwa Robben Island mwaka 1964 aliwekwa katika daraja la D, la chini kabisa, ambalo mfungwa wake aliruhusiwa barua moja na mgeni mmoja katika kila miezi 6. Mama yake alifariki mwaka 1968, na mwaka uliofuata mwanawe mkubwa Thembi akafa katika ajali ya gari. Hakuruhusiwa kwenda kumzika hata mmoja wao. Sisi ambao husafiri usiku kucha na kukopa nauli ili tuwahi kutia udongo kaburini, tunafahamu maana ya jambo hilo bila kuelezwa. Kanuni zinazobeba jina lake leo, katika kifungu cha 70, zinaagiza kwamba mfungwa aarifiwe mara moja ndugu yake wa karibu anapougua sana au kufariki, na hali ikiruhusu apewe ruhusa ya kwenda kumwona mgonjwa au kuhudhuria mazishi, pamoja na askari au peke yake. Namshukuru Mungu kwamba jambo hilo limeandikwa. Mtu aliyezuiwa kumlilia mama yake hafundishwi kuheshimu uhai wa mama wa mwenzake.

Turudi kwa Feliki, kwa maana Luka hakumficha. Aya ya 26 inasema kwamba alimwita Paulo mara kwa mara na kuzungumza naye, akitumaini kupewa fedha. Nafuu ile nzuri ilikuwa na bei iliyofichwa, na kwa kuwa Paulo hakulipa, alikaa kifungoni miaka 2 mizima, hata Feliki alipoondoka madarakani akamwacha amefungwa ili awapendeze Wayahudi. Hapa ndipo ninapowaunga mkono wanaolalamika kuhusu nafuu za magerezani. Mahali popote ambapo godoro, simu ya nyumbani au dakika za ziada za kuonana na mke zinanunuliwa, tajiri mwenye kosa kubwa ataishi kwa raha, na kijana aliyeiba kuku atalala sakafuni. Tiba yake ni kuziweka nafuu wazi, ziandikwe, zitolewe kwa vigezo ambavyo hata mfungwa asiyejua kusoma anaelezwa. Kuzifuta zote kwa sababu zimeuzwa ni kumwadhibu yule ambaye hakuwa na fedha za kuzinunua.

Lipo lalamiko lingine, zito zaidi. Mama aliyeuawa mwanawe anauliza kwa nini muuaji afundishwe useremala kwa kodi yake, wakati yeye hakuna aliyemfundisha jinsi ya kuishi bila mtoto. Asijibiwe kwa haraka, wala asinukuliwe aya ya msamaha kana kwamba kidonda chake ni ukaidi. Paulo, alipomwandikia Filemoni akiwa kifungoni, alimwombea Onesimo, mtumwa wa Filemoni, apokelewe kama ndugu mpendwa, lakini hakujifanya kwamba Filemoni hakupata hasara. Alisema kwamba kama amedhulumiwa au anadai kitu, deni hilo liandikwe juu yake yeye Paulo, naye atalilipa. Kumtetea mkosaji kuliambatana na kukubali gharama ya aliyekosewa. Nasikitika kusema kwamba kwaya zetu huenda gerezani kuimba, na ni vema ziendelee, lakini ni mara chache tunabisha hodi katika nyumba ya aliyeibiwa, aliyebakwa au aliyefiwa kwa mkono wa mtu. Tukiwatembelea wote wawili, mama yule hataona kwamba huruma anayopewa mfungwa imechukuliwa kutoka kwake.

Kuhusu kazi na mafunzo, Waefeso 4:28 inatosha: "Mwibaji asiibe tena, bali afadhali afanye juhudi, akitenda kazi iliyo nzuri kwa mikono yake mwenyewe, apate kuwa na kitu cha kumgawia mhitaji." Mtume haridhiki na mwizi aliyeacha kuiba, anamtaka awe na ujuzi, kipato, na hatimaye mkono wa kutoa. Gereza la Karanga mjini Moshi linajulikana kwa kiwanda chake cha viatu, na wapo wafungwa nchini wanaojifunza kushona, kuchomelea na kulima kitaalamu. Ila fundi aliyefundishwa akatoka bila cherehani, bila nyundo na bila mtu wa kumpangisha chumba, atarudi kwa wale wale waliompoteza, kwa sababu ndio pekee watakaomfungulia mlango.

Na kutoka hutokea kwa ghafla. Katika sikukuu za taifa, kama ile ya Uhuru tarehe 9 Desemba na ya Muungano tarehe 26 Aprili, Rais hutumia mamlaka aliyopewa na Ibara ya 45 ya Katiba kuwasamehe wafungwa. Tarehe 9 Desemba 2019 pekee msamaha uliotangazwa Mwanza uliwahusu wafungwa 5,533. Wengi wa namna hiyo hurudi katika mitaa ambayo ina makanisa. Fundi seremala aliye kati yetu anaweza kumpokea mmoja karakanani kwake kwa miezi ya majaribio, mwenye nyumba anaweza kukubali kodi ya mwezi mmoja mmoja, na wazee wa kanisa wanaweza kuzungumza mapema na familia iliyokosewa, ili wasikutane na mtu huyo sokoni bila kutarajia. Naomba kila jumuiya ilizungumze jambo hili katika ibada ya juma hili, na itaje kwa majina nani atampokea nani, kabla ya sikukuu ya Uhuru kufika.