Nilivyorekebisha kiti cha kinga yangu ya zamani

Kinga yangu, yaani baiskeli, ni Peugeot ya mbio, fremu ya chuma, ya zamani, na bado inakwenda vizuri. Shida ilikuwa kiti. Nikitoka Lubumbashi hadi Kipushi, kama kilomita 30 hivi, wakati wa kurudi magoti yaliniuma upande wa mbele, chini kidogo ya pia ya goti, na viganja vikafa ganzi. Wengi walinishauri ninunue kiti kinene chenye sponji. Mimi naona kiti laini hakitibu goti. Kinachotibu ni mahali kiti kilipokaa.

Fundi mmoja pale Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, anayetengeneza kinga za wabeba makala (makaa), aliitazama mara moja tu akasema: “Papa, kama magoti inauma ku mbele, njo kusema kiti iko chini ao iko ku mbele sana.”

Kwangu yalikuwa yote mawili. Ila kwanza nguzo ya kiti haikutaka hata kutikisika, imeshikana na fremu kwa kutu ya masika mengi. Nililegeza bolti ya kubana, nikamimina mazutu (dizeli) kidogo kidogo kuizunguka nguzo, nikaiacha ilale. Asubuhi nilishika kiti kwa mikono miwili, nikakizungusha kushoto na kulia bila kukivuta juu. Ikalia kidogo, kisha ikaachia. Niliifuta kutu, nikaipaka grisi kabla ya kuirudisha.

Kuhusu kimo, nilianza na hesabu iliyojulikana sana kupitia Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France mwaka 1986, 1989 na 1990. Simama pekupeku ukiegemea ukuta, bana kitabu katikati ya mapaja ukikipandisha hadi kikomo, pima kutoka hapo mpaka sakafuni, zidisha kwa 0.883. Mimi nina sentimita 84, kwa hiyo nikapata 74 na kidogo, kutoka katikati ya ekseli kubwa inayobeba mikono ya pedeli hadi juu ya kiti. Halafu nikahakikisha kwa kisigino: pedeli ikiwa chini kabisa, kisigino kikiwa juu yake, mguu unanyooka bila kiuno kuyumba. Ukipandisha nguzo, acha sentimita 6 au 7 zibaki ndani ya fremu. Nguzo nyingi za zamani hazina alama ya kukuonya.

Kazi yenyewe hasa ilikuwa chini ya kiti. Kinga hizi zina kibano chenye meno na nati mbili za pembeni. Aliyeitumia kabla yangu alikigeuza kibano kikaelekea gidoni (usukani), ndiyo maana nilikuwa nimekaa karibu juu ya pedeli. Nilikigeuza kikae nyuma ya nguzo, kiti kikarudi nyuma sana. Kisha nikafunga nati kwenye uzi, nikailaza mikono ya pedeli usawa, nikauangusha uzi kutoka chini ya pia ya goti la mbele. Ukapita kwenye ekseli ya pedeli. Keith Bontrager, Mmarekani mtengenezaji wa kinga, aliandika zamani kwamba kipimo hicho si sheria ya maumbile, nami namkubali, lakini lazima mtu aanzie mahali. Kwa kuwa kiti kilichorudi nyuma kinaongeza umbali hadi pedeli, nilikishusha tena milimita chache.

Pua ya kiti ilinichosha zaidi. Jino moja likiruka, pua inainama mno, unateleza mbele na mikono inabeba mwili mzima. Jino lingine, inakuchoma. Nililegeza nati nusu tu, nikaweka pimamaji ya mwashi juu ya kiti, nikakaza upande huu kidogo, upande ule kidogo, mpaka meno yakakamatana kiti kikiwa sawasawa.

Nikaichora nguzo kwa rangi ya kucha pale inapoingia kwenye fremu. Baada ya safari ya kwanza nilikaza nati tena, maana kibano cha namna hii hulegea kikishaonja mashimo. Magoti yametulia. Viganja bado vinakufa ganzi nikikaribia Kipushi, kwa hiyo sasa naipandisha gidoni, milimita 5 kwa mara moja.