Wakifika Utawakalisha Wapi?

Swali la mama mkwe la Jumapili halijanitoka. Mnamjua mama, hasemi mengi.

Tulikuwa tumekaa uani, mimi na simu, yeye na ungo wa mchele mapajani akitoa mawe. Nilikuwa nimefurahi kwelikweli. Mwezi huu tovuti yangu ya kusomesha watoto nyumbani imepata wasomaji wengi kuliko mwezi wowote tangu niifungue. Tangazo nililoweka kwenye stetasi kina mama wamelisambaza mpaka Kilifi na Malindi, na mmoja ameniandikia kutoka Muscat. Nikamweleza yote. Hakuinua macho.

"Umewaita watu wengi, mwanangu."

"Ndiyo mama, alhamdulillahi."

"Wakifika utawakalisha wapi?"

Nikamwambia tovuti haijai, hata waje elfu. Akalitupa jiwe uani. "Mgeni mwenye njaa humwonyeshi picha za ukutani."

Ilinichoma. Usiku nikalipindua neno lile huku na huku: alikuwa ananikanya au ananishauri? Sauti haikuwa na ukali. Na mbona hakuniuliza wangapi, akauliza wapi? Baba watoto kapata uhamisho wa Lamu na nyumba imejaa makatoni, lakini mimi niko palepale kwenye ungo.

Jana, watoto walipomaliza hesabu, nikarudi kwenye jumbe za wasomaji, nikazisoma moja moja. Picha za mkubwa na mdogo wake wakipima unga wanazipenda, ratiba yetu wanaiomba. Ila karibu kila mmoja anamalizia na lile lile: mtoto wangu mtihani atafanyia wapi? Wengi wetu tulianza kusomesha nyumbani shule zilipofungwa Machi 2020, na watoto wale sasa wamekua. Hiyo ndiyo njaa yao.

Basi nikakaa nikaandika, mpaka chai ikapoa. Kwamba matokeo ya Gredi ya 9 yanachukua asilimia 20 kutoka KPSEA, mtihani wa taifa wa Gredi ya 6, asilimia 20 kutoka tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8, na 60 kutoka KJSEA yenyewe, mtihani wa taifa wa mwisho wa Gredi ya 9. Aliye nyumbani bila shule ya kumsajili anakosa alama zile za Gredi ya 7 na ya 8, kwa hiyo mzazi aliamue jambo hili mapema, asingoje mwaka wa mtihani. Kwamba IGCSE ya Cambridge, mtihani wa kimataifa wa sekondari kutoka Uingereza, mtoto anaweza kuifanya kama mtahiniwa binafsi. Na kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya 2013 imefanya shule kuwa lazima. Hilo nimeliandika waziwazi, kwa sababu mama anayemwogopa chifu ana haki ya kulijua kabla hajaamua. Nimeuweka ukurasa huo juu kabisa, kichwa chake ni swali lao kama wanavyoliuliza wenyewe.

Moyo ukawa mwepesi. Hawa watu nawataka, wote, na sasa wakija watapata kitu cha kushika.

Jioni nikamsomea mama. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na asiye na pesa za hiyo Cambridge?"

Hilo naanza nalo kesho, inshallah.

Ila nilipomwinua kwenda kuswali nikauona mguu wake wa kushoto umevimba tena. Kliniki ya sukari ni Jumanne, baba watoto atakuwa Lamu kutafuta nyumba, na jirani niliyekuwa namwachia watoto amesafiri.