Madigadi yamerudi kwenye baskeli yangu

Mwaka jana niliyavua madigadi, yale mabati ya kukinga tope juu ya magurudumu, na keria. Vijana wenzangu wa Bububu, hapa Unguja, walikuwa wakiniambia, "Hiyo baskeli ya wazee wa shamba," nami nikataka kuonekana mwendeshaji hasa. Masika yakaingia. Ijumaa moja naelekea Darajani, mjini, na kanzu nyeupe, gurudumu la nyuma likanichora mstari wa tope kutoka kiunoni hadi shingoni. Nikarudi nyumbani kubadilisha, na sala ya Ijumaa ikanipita. Iliniuma sana.

Wiki ile ile nikarudisha vyote: madigadi ya bati, keria ya kufungia pakacha kwa mpira wa tyubu, na dinamo yangu ya zamani. Dinamo hii naipenda mno. Kichwa chake kinajisugua ubavuni mwa tairi, ukikanyaga pedeli inavuma kama nyuki na taa inawaka, haitaki betri wala chaji. Ukisimama inazimika, kweli, na mguu unauhisi uzito wake.

Wazee wanaoleta mihogo na nazi mjini alfajiri ndio waendesha baskeli ninaowaheshimu. Jana mmoja alinipita, suruali kaibana kwa kibanio cha nguo, akapiga kengele. Nikamjibu kwa yangu.