Mwanangu ana mato, kitabu kina macho

Nilijua kwamba mwanangu hajaweza kusoma siku ya kisa cha ndoo.

Alikuwa Gredi 2, muhula wa kwanza. Mwalimu wake, mtu wa bara, mpole, ambaye hata mwaka hajamaliza hapa kisiwani Lamu, aliniita shuleni akanieleza huku anacheka. Mtoto alisimama darasani akamwita mwenzake, "Ndoo! Ndoo hapa!" Mwalimu akadhani kuna mtu anataka kutapika, akatoka mbio kutafuta ndoo. Sisi Waamu njoo twaiita ndoo, basi. Tukacheka sote wawili. Kisha akanifungulia daftari la imla, na kicheko kikanikauka. Karibu kila mstari ulikatwa kwa kalamu nyekundu. Mwalimu kasoma "maji", yeye kaandika mayi. "Mchele", mtele. "Kichwa", kitwa. Mbili kwa kumi.

"Mama, huyu umsaidie nyumbani," akaniambia.

Nilirudi mtaani kwetu Langoni nina hasira na sijui nimkasirikie nani. Mtoto hakukosea kusikia. Aliandika sawasawa na anavyosema. Mtaala unataka gredi za chini zifundishwe kwa lugha ya mahali, na kwa kuwa lugha ya hapa ni Kiswahili, kwenye karatasi watoto wetu ndio wenye bahati kuliko wote. Lakini Kiswahili cha kitabuni ni kile kilichokubaliwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, Kiunguja kilipochaguliwa kuwa msingi wa usanifu. Kiamu chetu, pamoja na tenzi zake zote, kikabaki cha jikoni na barazani. Mtoto wa miaka saba atayajulia wapi hayo? Anachojua ni kwamba ana mato mawili, na kitabu kinamwambia ana macho.

Nikaanza, na nikaanza vibaya. Nilinunua ubao mdogo na chaki, nikauegemeza ukutani, na kila jioni akitoka chuo cha Kurani namkalisha mkekani saa nzima. Shuleni kwenyewe kipindi cha gredi za chini ni dakika 30! Mimi saa nzima, kwa mtoto aliyekwisha kukaa darasani tangu asubuhi, kisha akaenda kwa maalimu kusoma Kurani mpaka jua linakaribia kuzama. Siku ya nne daftari halikuonekana. Nililikuta nyuma ya gunia la makaa, limepinda. Sikumpiga, lakini nilipiga kelele. Akaniangalia akasema, "Mama, wewe leo ni mwalimu wa tatu."

Ubao nikautia uvunguni. Uko huko mpaka leo.

Wifi yangu alishauri tuisheni, kuna kijana mtaani anafundisha watoto kumi chumba kimoja. Nilikataa. Pesa ni sababu, sitaficha, ila sababu kubwa ni kwamba angesomeshwa kitabu kile kile kwa namna ile ile, na tatizo lake halikuwa kitabuni. Wifi alinuna wiki mbili.

Mimi nauza mahamri. Saa kumi za alfajiri niko jikoni, unga nimeuumua tangu usiku kwa tui na iliki. Mwanangu huamka mwenyewe saa kumi na mbili kasoro, harufu ndiyo humwamsha, na huja kukaa juu ya kibao cha mbuzi, macho hayajafunguka vizuri. Nikaona huu ndio wakati wake. Hajachoka, hakuna watoto wenzake nje, na mimi siwezi kumkazia macho kwa sababu nina karai la mafuta mbele yangu. Dakika 15 tu, mpaka chai iwe tayari.

Tukatenga daftari jipya, nikalipiga mstari katikati. Upande mmoja tukaandika "kwetu", upande wa pili "kitabuni". Kila siku maneno matatu, na yeye ndiye anayeyaleta. Mato, macho. Ndia, njia. Moya, moja. Kuteka, kucheka. Hapo kwa kuteka tulisimama muda, maana kitabuni kuteka ni kuteka maji kisimani, au kumteka mtu. Alipoelewa kwamba mtu wa Nairobi akisikia "watoto wanateka" anaweza kuita polisi, alicheka hadi akaanguka kutoka kwenye kibao. Neno lile hakulikosea tena.

Cha muhimu, nafikiri, ni kwamba sikumwambia upande wa "kwetu" ni makosa. Nilimwambia ana maneno mawili kwa kila kitu, na mwalimu anataka lile la pili.

Wiki ya tatu akagundua siri mwenyewe. "Mama! Ukiona t, weka ch!" Nikafurahi, nikamsifu, nikamwongezea hamri. Ningejua! Kesho yake akaniandikia sentensi ya kujivunia: Mchu anakula machunda. Taa ikawa chaa. Kitabu kikawa kichabu. Alikuwa ameshika kanuni kwa mikono miwili na anaisafisha nayo kila t aliyoikuta njiani. Nilijaribu kumweleza ni ipi inageuka na ipi haigeuki, nikashindwa, kwa sababu mimi mwenyewe sijui. Najua tu kwa sikio. Ninajua tatu ni tatu kote kote kwa kuwa nimelisikia tatu maisha yangu yote, shuleni na sokoni.

Basi kilichobaki ni sikio. Hapo nikamwingiza bibi yake.

Mama mkwe wangu hasomi herufi hizi za shule. Anasoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wengi wa hapa, na hadithi anazo kichwani pomoni. Usiku baada ya isha nilimwomba atuhadithie kidogo kidogo, mimi naandika vile vile anavyotamka, bila kusafisha. Ilikuwa hadithi ya punda aliyegoma katikati ya uchochoro, watu wa huku hawapiti na wa kule hawapiti, harusi nzima imekwama. "Punda akanena, siendi, nina ndaa." Kurasa sita za daftari. Mwanangu akachora punda.

Asubuhi akalichukua na kulisoma lote, mwanzo mpaka mwisho, kidole kikitembea chini ya maneno. Hakukwama hata pale nilipotarajia, maana kila neno lilikuwa la bibi yake, analisikia kila siku. Lilikuwa andiko la kwanza alilolimaliza bila kulia. Wiki iliyofuata tukaliandika tena, la pili, kwa Kiswahili cha kitabuni, yeye ndiye anayegeuza na mimi naandika. Ndaa ikawa njaa, ndia ikawa njia. Alipogeuza punda nusura awe "punja" alinyamaza, akajisikiliza, akasema, "Hapana. Punda ni punda." Basi hilo ndilo sikio nililokuwa nikilitafuta.

Mama mkwe hakupendezwa sana na hadithi ya pili. Alisema punda wake amekuwa mtu wa Unguja.

Hesabu haikunisumbua hivyo. Donge moja la unga nalisukuma duara, nalikata mara mbili, napata mahamri manne, kwa hiyo nusu na robo alizijua kwa tumbo kabla ya kuzijua kwa jina. Babu yake alifanya kazi ya boriti za mikoko, akamfundisha kuhesabu kwa korija, yaani ishirini ishirini: korija tatu, sitini, korija tano, mia. Hayo yalikwenda yenyewe.

Saa ndiyo ilinitoa jasho. Shuleni kwenye Kiingereza wanafundishwa kwamba mshale mfupi ukielekea 7 ni "seven o'clock". Nyumbani hiyo ni saa moja. Mtoto aliniuliza ni nani mwongo. Nilimwambia ajumlishe au aondoe sita, akawa anachanganya lini ajumlishe na lini aondoe. Ni baba yake, aliyerudi kuvua, aliyechukua njiti ya ufagio wa chelewa akailaza juu ya kioo cha saa ya ukutani, ipite katikati. Ncha moja kwenye 7, ncha ya pili inaangukia 1. Ncha kwenye 10, ya pili 4. Kwenye 12, ya pili 6. Saa ya Kizungu ncha hii, saa yetu ncha ile. Dakika tano, mambo yamekwisha, na mimi nilikuwa nimehangaika siku tisa.

Nisijisifu kupita kiasi. Ile miradi ya shule ya manila na gundi na maganda ya mayai nimeifanya mwenyewe usiku zaidi ya mara moja, mtoto amelala, na kesho yake nikapata alama nzuri. Na kuna majuma mazima, hasa Ramadhani, ambayo daftari halikufunguliwa kabisa. Mwandiko wake bado ni kuku aliyekanyaga wino. Lakini imla ya mwisho wa muhula wa pili alipata saba, na moja kati ya yale matatu aliyokosa lilikuwa neno ambalo hata mimi nililiuliza.

Sasa yuko Gredi 3. Juzi Jumamosi nilitoka sokoni nikakuta nyumba tupu, na chini ya kopo la sukari kuna kipande cha karatasi. "Mama nimekwenda jeti na baba. Maji yakijaa tarudi. Usimpe mtu mahamri yangu."

Maji kwa j. Lile "tarudi" nililiacha kama lilivyo, nikamfunikia mahamri yake kwa kawa.